Lango la Berlini, Kakese

Luhende kazikwa Jumamosi iliyopita pale Kakese. Mtu aliyeshika kipaza sauti alisema marehemu ndiye manju pekee aliyewahi kuileta Ulaya uwanjani, akajenga Berlini nzima kwa miti na udongo, "mpaka mkono wa mwanamke ulipoiangusha." Nilikuwa nimekaa mkekani na akina mama wenzangu, mguu wangu wa kushoto nimeunyoosha mbele kwa sababu haukunjiki. Wazee wanaokumbuka waligeuka wakanitazama. Vijana wao hawakujua wamtazame nani. Sikusimama. Msiba ni wa watu, na wajukuu wa Luhende hawajanikosea kitu. Lakini nimerudi kwangu Kawajense, Mpanda mjini, nimekaa, nimeona hapana, hili silinyamazii tena. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, mwandiko wangu kama kuku kapita, lakini naweza kuandika jina la mtu. Basi naandika: Luhende. Mbuke, mke wake mdogo. Mabula, fundi seremala. Wawili wa kwanza wapo kaburini. Wa tatu anauza vitanda hapa mjini, afya anayo, na akitaka kunijibu nyumba yangu anaifahamu.

Kwa wasiojua mambo yetu nieleze. Sisi Wasukuma tulipokuja Mpanda na ng'ombe zetu tulikuja na ngoma pia. Mpunga ukishavunwa, makundi mawili yanakutana uwanja mmoja, siku moja, saa ile ile. Hili linacheza upande huu, lile upande ule, kila moja na manju wake, yaani mtunga nyimbo na mkubwa wa kundi. Hakuna mwamuzi. Watazamaji wanakwenda wanakotaka, na jua likizama, wenye watu wengi ndio walioshinda. Ndiyo maana kila manju alitafuta kioja. Kuna aliyecheza na chatu, kuna aliyejenga ndege ya mabanzi, ikapigwa na upepo mapanga yake yakazunguka. Na kila manju alikuwa na dawa ya kuvuta watu. Mwaka ninaousema, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Luhende alikuwa ameshindwa misimu miwili mfululizo na manju wa ng'ambo ya mto aliyeitwa Kisandu. Mtu akishindwa hivyo hata salamu zinapungua. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, naimba kwenye kundi lake, na sauti nilikuwa nayo.

Berlini iliingia kwa Luhende kupitia kalenda. Kulikuwa na Bruda mmoja wa misheni, Mjerumani, mrefu, mikono myeusi kwa grisi, ndiye aliyetengeneza mashine ya kukoboa. Alimpa Luhende kalenda iliyokwisha mwaka, yenye picha za mji wake. Luhende aliitundika chumba cha mbele, kile chenye viti vya kamba na harufu ya samli, akazikata karatasi zake na kuzipanga ukutani zote kumi na mbili, ukiingia unaona mji mzima kwa mara moja. Mie nilizijua picha zile kuliko nilivyojua sura za ndugu zangu. Kulikuwa na malaika wa dhahabu juu ya nguzo ndefu. Kulikuwa na kanisa lenye mnara uliokatika kichwa, nikauliza mbona matajiri kama hawa hawakutengeneza kanisa lao, Bruda akasema liliharibiwa na mabomu ya vita na wenyewe wakaamua liachwe hivyo hivyo, watu wapite waone. Na kulikuwa na lango. Nguzo nene zimesimama safu, juu yake farasi wanne wa shaba wanavuta gari, na ndani ya gari mwanamke kasimama kashika fimbo. Bruda alisema mfalme mmoja wa Wafaransa aliwahi kuwateka wale farasi na mwanamke wao, akawapeleka kwao, na Wajerumani wakaenda kuwarudisha.

Bruda alikuwa anakuja jioni jioni kula michembe. Viazi vikavu vile, vimepikwa na karanga, alivipenda kama mtu aliyezaliwa Shinyanga. Anakaa kwenye kigoda, magoti yanafika kidevuni, anakula na kusimulia, na sisi wasichana tunatwanga mpunga pale nje tukisikiliza. Alisema mama yake, baada ya vita, alikuwa kwenye mstari wa wanawake waliookota matofali ya mji ulioanguka, wakipokezana mkono kwa mkono, wakiyagonga gonga udongo utoke ili yajenge tena. Alisema msimu wa baridi ule watu walikata miti ya bustani ya mfalme wakapikia, halafu wakalima viazi katikati ya mji. Ngasa aliruka. Huyu Ngasa alikuwa mcheza ngoma wetu wa mbele, kijana wa maneno mengi, hakuna mtu alimkasirikia zaidi ya dakika moja. "Yaani Bruda, nyie wazungu mmelima viazi mbele ya ikulu?" Bruda akasema ndiyo, na kabichi. Ngasa akapiga makofi: "Basi Kakese ni Berlini! Tofauti yetu ni baridi tu!" Halafu Bruda akasimulia ukuta. Jinsi ulivyojengwa ghafla, mtu kalala mji mmoja kaamka miji miwili, shangazi yake akabaki ng'ambo wakawa wanapungiana vitambaa. Lile lango likabaki katikati ya kuta, hapiti mtu. Na juzi juzi tu, alisema, watu wameupanda kwa nyundo, wameubomoa, na yeye hakuwepo, alikuwa Mpanda anafunga mkanda wa mashine.

Luhende akamuuliza Bruda: "Mji huo si ndiko babu zetu walikogawanywa?" Bruda akaacha kutafuna. Akasema ndiyo, ni huo, wakubwa wa Ulaya walikaa mezani pale, wakaigawa Afrika, wala hakuwepo Mwafrika hata mmoja chumbani. Kesho yake Luhende alikuwa na wimbo. Nisimnyime haki yake: alikuwa mwizi wa jina langu, lakini mtunzi alikuwa. Aliuimba Kisukuma, mimi naugeuza:

*Walikaa Berlini wakashika kisu,*
*huyu wako, huyu wangu, mto huu nani atakunywa?*
*Kisu hakikushiba, kikageuka,*
*kikakata meza, kikakata na mji wenyewe.*

Nikiusikia ule wimbo hata leo ngozi inasisimka. Ndicho kinachoniuma zaidi. Mtu aliyeweza kuwaona wakubwa wa dunia nzima mezani pao na kuwaambia kosa lao, alishindwa kusema kosa lake mwenyewe mbele ya watu wa Kakese.

Mpango ulikuwa hivi. Tujenge ukuta wa matete, tuukandike udongo, tuupake chokaa. Nyuma ya ukuta lifichwe lango. Wimbo ukifika kwenye kisu, Ngasa na wenzake wanaupiga ukuta kwa nyundo, unaanguka, vumbi likipungua watu wanaona nguzo nne nene, farasi wanne juu, na mwanamke. Mwanamke ni mimi. Luhende alinichagua kwa sauti, maana kutoka juu kule ilibidi nijibu wimbo mpaka Kisandu asikie upande wake. Farasi aliwachonga Mabula kwa kutazama kalenda, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona farasi, walitoka na nundu. Tulicheka siku nzima. "Mabula, hawa si farasi, hawa ni madume ya Luhende yamepigwa pasi!" Ngasa ndiye huyo. Mabula akanuna: "Panda wewe basi ukae pale, tuone utafananaje." Na mimi Ngasa alianza kuniita Malkia wa Berlini. Nikipita na ndoo: "Mpisheni Malkia, anakwenda kisimani kuteka bia ya Wajerumani."

Sasa msikilize hili, kwa sababu hapa ndipo kesi ilipo. Jua lilikuwa la mchana, nilikuwa naanika mpunga nyuma ya nyumba ya Luhende, ukuta wa miti tu umetutenga, na nilisikia kila neno. Mabula alikuwa anasema nguzo zile zichimbiwe mpaka kiunoni, kwa kuwa boriti ya juu ni mninga mbichi, wameibeba wanaume wanane, na juu yake kuna farasi na mtu. Luhende akasema haiwezekani. Chini ya kila nguzo anaweka chungu cha dawa ya kuvuta watu, na nguzo lazima ikae juu ya chungu, isimame pale pale kwenye dawa, ndipo kila jicho litakaloliona lango litavutwa. Mashimo yawe ya kifundo cha mguu tu.

"Manju, chungu hakibebi jengo," Mabula alisema.

"Hiki si chungu cha mboga."

"Hata kama. Ni udongo uliochomwa, kitapasuka."

"Mabula, wewe ni fundi wa mbao au wa dawa?"

"Wa mbao, mzee."

"Basi shika mbao."

Akashika mbao. Nilimsikia akikohoa, halafu nikasikia randa inaendelea. Mimi nikarudi kwenye mpunga wangu, kwa sababu nani mimi, na kwa sababu Mabula alikuwa mtu mzima na nilijua kama jambo ni baya kweli atalikataa.

Siku ya siku, asubuhi, Mbuke alinivalisha shuka jeupe chumbani kwake na kunipaka majivu mikononi ili nifanane na sanamu. Akaona. Nilikuwa katika siku zangu, zilikuwa zimeanza alfajiri. Mimi mwenyewe nilimwambia: "Mama, na dawa za mzee je, si zina miiko?" Mbuke akatazama mlangoni. Nje watu walikuwa wameanza kufika, ngoma za Kisandu zinasikika kutoka uwanjani. Akaniita mama kwa Kisukuma, kwa kunibembeleza: "Mayu, nani mwingine ana sauti yako? Jifunge vizuri, kisha upande juu. Hili ni langu na wewe." Akanipa uji wa ulezi, nikanywa wote. Ulikuwa mtamu, una maziwa. Nasema hivyo kwa sababu ndicho kitu cha mwisho alichowahi kunipa mwanamke yule kwa wema.

Tulishinda. Nataka hilo lijulikane pia. Ukuta ulipoanguka, watu walipiga kelele sijawahi kusikia tena. Nilikuwa juu, vumbi jeupe linapanda, nimeshika fimbo, nikaitikia wimbo, na niliona kwa macho yangu upande wa Kisandu unamwagika kuja kwetu, wanawake wanakimbia na watoto migongoni, wazee wanaacha vigoda, wachunga ng'ombe wanaacha ng'ombe. Nililiona kundi la Kisandu limebaki peke yake na ngoma zake. Wale watu wote walikuja kwenye lango, wakalizunguka, wakataka kulishika, wakaegemea nguzo. Ngasa alikuwa katikati chini yangu, nyundo begani, uso mweupe kwa chokaa, akanitazama juu akasema, "Malkia, tumeibeba!" Ndipo nikasikia chini kushoto, *paa*, kavu, kama kibuyu kimekanyagwa. Nguzo ikazama. Haikuvunjika, haikupinda, ilizama kwenye kile kishimo chake, na boriti ikafuata. Nilishuka na farasi wa Mabula. Mguu ulikunjwa chini ya lile gari la farasi, lakini mimi nilitua pembeni. Boriti ilimtafuta Ngasa.

Bruda alitupakia kwenye lori la misheni, mimi na Ngasa, akatupeleka hospitali mjini. Njiani Bruda alikuwa analia na kuendesha, nasikia anasema maneno ya kwao. Ngasa alikuwa ameshafunikwa shuka, mimi nikiamini wamemfunika kwa ajili ya vumbi. Nililala wodini mpaka mvua za kwanza zikanyesha, na mguu ukaunga vibaya. Wa kuniletea chakula walikuja mwanzoni, ugali na dagaa wa Ikola, halafu wakapungua, halafu wakakoma. Nikajua kuna neno linatembea. Mama mmoja wa kitanda cha jirani ndiye aliyeniambia, alilisikia kwa wageni wake: kule Kakese wanasema wewe ulipanda ukiwa mwezini, ukaua dawa, dawa ikamwachia kijana wa watu boriti.

Nilirudi nikitembelea gongo. Kundi lote liliitwa uani kwa Luhende, mchana kweupe, na mbuzi kafungwa kwenye mti wa uzio. Mbuzi alikuwa wa Luhende mwenyewe. Luhende alisimama akaongea kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonitia ubaridi. Alisema Minza, yaani mimi, ni mtoto, hakujua, hatumfukuzi. Akubali tu mbele ya mama yake Ngasa kuwa ni yeye, mbuzi achinjwe, yeye awe wa kwanza kula ini, ndiyo desturi ya kundi, mambo yaishe, na arudi kuimba. "Mbuzi natoa mimi," alisema. "Simdai kitu." Watu wakaguna kwa kuridhika. Mnaona ilivyokuwa tamu? Kipande kimoja cha ini, na jina la Luhende linakuwa jeupe kama ukuta wake. Mimi nabaki yule aliyemuua Ngasa, lakini nimesamehewa. Kila nitakapoimba, mtu atamnong'oneza mwenzake.

Nikasema, "Twendeni uwanjani tukafukue vile vyungu."

Luhende akasema dawa haitazamwi na macho.

"Basi aseme Mabula. Mabula, ulimwambia nini mzee kuhusu mashimo? Nilikusikia, nilikuwa naanika mpunga."

Mabula alikuwa amekaa kwenye gogo, anachonga kijiti kwa kisu kidogo. Akaendelea kuchonga. Nilimwita mara ya pili. Akasema, bila kuinua kichwa, "Mimi ni fundi wa mbao tu." Ile sentensi. Aliirudisha kama alivyopewa. Na Mbuke nyuma ya wanawake, amejitanda kanga mpaka puani, yeye aliyesema hili ni langu na wewe.

Hapo mama yake Ngasa alisimama. Mwanamke mwembamba, alikuwa amenyoa kichwa kwa ajili ya mwanae. Alinijia mpaka nikasikia pumzi yake, akaniuliza mbele ya wanaume wote, bila kuzunguka: "Mwanangu, ulikuwa mwezini siku ile?"

Watu wananiambia mpaka leo ningesema hapana. Nani angepinga? Mbuke angekubalije kuwa alijua? Lakini yule mama alikuwa anaomba ukweli kama mtu anavyoomba maji, na kama ningeanza kwa kudanganya kuhusu damu yangu, nisingeweza kumwambia habari ya chungu. Nikasema, "Nilikuwa, mama. Na mama Mbuke aliona, akanifunga nguo, akaniambia panda. Lakini niulize tena. Damu yangu ina uzito gani? Boriti ile ilibebwa na wanaume wanane, wakaisimamisha juu ya vyungu. Nilisikia chungu kinapasuka. Ngasa alikuwa ananicheka, alikuwa na furaha, akasema tumeibeba, halafu chungu kikapasuka. Hivyo ndivyo alivyokufa."

Mama yule akamgeukia Luhende, akasema neno moja, "Fukueni." Luhende akasema mayu, uchungu wako tunaujua, kaa chini. Wanaume wawili wakamshika mikono kwa upole, wakamkalisha. Mbuzi akachinjwa. Nilisimama pale na gongo langu muda wote anachunwa, muda wote moto unawaka, maana nilijua nikiondoka watasema nimekubali kwa kukimbia. Harufu ya ini likiungua pembeni ilinifikia. Wodini nilikuwa nimekula uji wa hospitali kwa miezi, na siku ile toka alfajiri sikuwa nimetia kitu mdomoni, nimetembea kwa gongo kutoka barabara kuu.

Luhende mwenyewe aliniletea, kwenye jani, limekatwa vizuri, lina chumvi. Akasema kwa sauti ya chini, ya baba kabisa, "Kula, Minza. Kula mwanangu, tuimbe." Akalifikisha mdomoni. Mafuta yake yaligusa mdomo wangu.

Nilifunga meno. Akasubiri. Wote walisubiri, ua ule mzima, na Mabula kisu chake kimesimama. Luhende akalisukuma tena kwenye meno yangu, na ini likateleza kutoka kwenye jani, likaanguka kwenye majivu, mbwa akalichukua. Nikageuza gongo nikaanza njia ya Mpanda. Hakuna aliyenisindikiza isipokuwa mama yake Ngasa, mpaka mwisho wa mashamba, amenishika kiwiko upande wa mguu mbovu. Nilipofika barabarani ndipo nikalamba mdomo. Chumvi ilikuwa bado ipo. Nikatema, na njaa yangu nikaondoka nayo.